Mbona Kila Barua Unazidi Kushuka Kusini?

Jumatano, 6 Machi

Mdogo wangu Pazia,

Pokea salamu za tanuri, za mtaa, na za miguu yangu inayouma kidogo tu, kwa hiyo usianze kuniandikia habari za daktari. Sisi wazima, alhamdulillahi.

Nakuandikia kwa karatasi kwa sababu kwenye simu wewe ni "ndiyo dada, sawa dada, haya dada", halafu mtandao wa huko mlimani kwako unakata. Tangu utoto wako, jambo lililokukaa moyoni hukulisema, ulilichora chini kwa kidole. Karatasi ndiyo yako.

Chumba chako cha juu kimefika kwenye paa. Nilisema mkataba wako wa kituo cha hali ya hewa ukiisha mwisho wa mwaka hutarudi kupanga nyumba za watu kama mgeni, na mimi nikisema nimesema. Lakini juzi ulikuja upepo, mdogo wangu, ukabeba bati mbili kama mtu anayebeba trei za mikate, ukazilaza uani kwa jirani bila kuvunja hata kikombe. Nikamuuliza mwashi, huu umetoka wapi? Akanijibu, "Upepo ni upepo, mama." Shoga yangu Fundi Cherehani alikuwepo, pini zimemjaa mdomoni kama kawaida yake, akasema upepo unatoka baharini. Mwashi akasema la, milimani. Wakabishana mpaka kazi ikalala.

Mimi najua upepo anautuma Mola. Hilo sina shaka nalo. Ninalotaka kujua ni anautuma kwa njia gani. Nina ndugu wa tumbo moja anayelipwa mshahara kwa kurusha maputo hewani asubuhi na jioni, halafu nifundishwe upepo na mtu wa pini? Niambie nikawanyamazishe wote wawili.

Na useme mlango upakwe rangi gani.

Dada yako wa tanurini

.

Jumanne, 19 Machi

Dada, shikamoo.

Nimecheka mpaka mkuu wa kituo akaniuliza kama nimepandishwa cheo.

Umeniuliza swali lile lile lililonipa jina. Unakumbuka nilivyokuwa najificha nyuma ya pazia la mama, nalitazama likivimba na kunywea, mkanitafuta nyumba nzima? Nilikuwa nangoja nione nani analipuliza.

Waambie wabishi wako kwamba upepo hautoki baharini wala milimani. Unatoka kwenye tofauti ya joto. Pakiwa pa moto hapa na pa baridi pale, hewa haitulii. Lakini usiniamini mimi. Tanuri likishawaka vizuri asubuhi, acha jua liingie kwa dirisha la mashariki, kisha piga makofi mikono ikiwa na unga. Kaa pembeni ulitazame vumbi la unga kwenye ule mwanga. Usiguse kitu. Na Fundi asiongee, maana pumzi yake peke yake ni hali ya hewa.

Dunia nayo ina tanuri lake. Jua linaichoma kiunoni kuliko kichwani na miguuni, kwa sababu kiunoni linapiga wima, na kwenye ncha mbili linapiga kwa upogo, joto lile lile linatandazwa mahali papana mpaka linakuwa jembamba. Kwa hiyo kiunoni hewa inapata moto, inakuwa nyepesi, inapanda. Fanya hilo la unga kwanza, ndipo tuendelee.

Hapa ni ukungu na chai.

Pazia

.

Jumanne, 2 Aprili

Pazia,

Marahaba. Subhanallah, nimeuona!

Nilipiga makofi kama mtu wa arusini. Unga ukapanda juu ya mdomo wa tanuri, ukagonga dari, ukatembea na dari mpaka ule ukuta wa nyuma wenye ubaridi, ukashuka taratibu, kisha ukatambaa sakafuni ukirudi tanurini, ukanipitia vifundoni kabisa. Umezunguka kama mahujaji. Miaka yote trei za ukuta wa nyuma haziumuki vizuri na mimi namsingizia muuza hamira! Nimeshamwomba radhi, masikini, hakujua hata kosa lake lilikuwa nini.

Fundi alijizuia kuongea muda mrefu kuliko siku zote nilizomjua, kisha akasema, "Kumbe tunaishi ndani ya upepo kama samaki." Nikamwambia kaa kimya unaharibu.

Sasa hapa ndipo ninapokwama. Mimi nina dari na nina ukuta wa nyuma. Dunia haina. Hewa ikipanda pale kiunoni inagonga nini? Na inashukia wapi? Au inapotelea huko huko?

Chumba kimepata bati mpya, zimepigwa misumari kama za mtu anayeogopa kuibiwa. Hukunijibu rangi ya mlango. Nauliza mara ya pili. Mara ya tatu nitachagua mwenyewe, na unanijua kwa rangi ya waridi.

Dada yako

.

Jumamosi, 20 Aprili

Dada, shikamoo.

Nimechelewa kukuandikia kwa sababu nilishuka mjini kwa daktari wa meno. Ameng'oa lile jino la nyuma na kuziba mengine. Wamenipima na damu, na moyo, na macho. Nimekutwa mzima kabisa, usihangaike. Nimenunua na sanduku kubwa.

Swali lako la dari ni zuri. Dari ipo. Juu sana kuna tabaka ambalo hewa inayopanda hailipenyi kwa urahisi, basi inagawanyika, nusu inashika njia ya kaskazini na nusu ya kusini. Tufuate ile ya kusini. Inakwenda ikipoa, na imeshamwaga mvua yake yote pale ilipopandia, kwa hiyo ni kavu. Ikifika kama theluthi ya njia ya kwenda miguuni mwa dunia, inashuka. Inaposhuka mvua haishuki nayo. Ndiyo sababu majangwa makubwa yamejipanga huko. Kisha sehemu yake inarudi kiunoni ikipita chini kwa chini, kama ile iliyokupitia vifundoni.

Lakini hairudi kwa mstari ulionyooka, kwa sababu dunia inazunguka chini yake. Chukua kile kisahani chako cha kupambia keki. Mtu mmoja akizungushe polepole, wewe uchore mstari ulionyooka kutoka katikati kwenda ukingoni. Utaona mwenyewe. Kisha zungusheni upande mwingine. Upande mmoja ni nusu ya kaskazini ya dunia, upande mwingine ni kusini.

Kuna jambo nitakuja kukuomba radhi yako, dada. Bado. Tumalize upepo kwanza.

Pazia

.

Alhamisi, 9 Mei

Pazia,

Umeniharibia keki.

Sikuwa na kitu cha bure cha kuchezea, nikachukua keki ya arusi ya binti wa muuza vioo. Ilikuwa imeshapakwa krimu nyeupe, imebaki kupambwa. Nikamwambia Fundi azungushe. Nikashika mfuko wa sukari ya rangi, nikaanza katikati kwenda ukingoni, mkono umenyooka kama rula, Mungu ni shahidi. Mstari ukatoka umepinda kama mkia wa paka! Nikasema, "Fundi, umenisukuma." Akasema, "Sijakugusa, ni mkono wako wa kizee." Tukabadilishana, nikazungusha mimi akachora yeye. Ukapinda. Tukageuza mzunguko, ukapinda upande wa pili. Tulipomaliza kubishana keki ilikuwa kama imekanyagwa na kuku.

Mara muuza vioo huyu, anaingia. Nikamwambia bila kupepesa macho, "Hizi ndizo pepo za dunia." Akaiangalia, akaniangalia. "Mimi niliagiza maua."

Nikapaka upya, ameichukua, na binti ameolewa. Lakini nimeelewa. Mkono unakwenda sawa, ila kilicho chini yake ndicho kinachogeuka.

Haya, tuuache upepo tuseme ya kwetu. Sikusoma sana, lakini mtu namsoma. Ulianza kiunoni mwa dunia. Sasa umefika majangwani. Mbona kila barua unazidi kushuka kusini? Tena kusini tu, kaskazini hukupi hata salamu. Jino lile nilikubembeleza ling'olewe tangu hujaota ndevu, ukaniambia halikuumi. Leo umekwenda mwenyewe, tena umepimwa damu na moyo, umenunua sanduku, na unaniomba radhi.

Mdogo wangu, mwanamume haendi kupimwa damu kwa ajili ya upepo. Kuna mwanamke, naye ni wa kusini.

Mbona unanizunguka? Nilidhani utazeeka na maputo yako! Radhi yangu unayo, kwa mikono miwili, mradi ana dini na anakula mkate. Nimesujudu kushukuru, na magoti haya unayajua.

Dada yako, aliyekushika

.

Jumanne, 28 Mei

Dada, shikamoo.

Pole kwa keki. Sehemu ya pili ya barua yako nimeisoma na kuirudia. Nitakujibu, lakini niache nikufikishe mwisho wa njia kwanza, nimebakiza hatua mbili.

Kusini mwa majangwa hewa iliyoshuka hairudi yote kiunoni. Nyingine inasonga mbele, dunia inaipinda, inakuwa upepo unaovuma kutoka magharibi. Kaskazini upepo kama huo unagonga milima na mabara. Kusini hakuna nchi kavu ya kuuzuia, ni maji matupu yanayoizunguka dunia, na upepo unakimbia juu yake bila kukutana na ukuta. Meli zinazopita hapo hufunga hata vikombe kwa kamba. Mabaharia wazima, watu na ndevu zao, wakifika hapo wanakuwa watu wa dua.

Ng'ambo ya maji hayo kuna nini, nitakwambia.

Ile radhi uliyonipa, nakuomba uiweke kabatini kwanza. Sitaki kuichukua hivi. Na tafadhali usimwambie Fundi lolote.

Pazia

.

Jumanne, 11 Juni

Pazia,

Nisimwambie Fundi? Fundi ndiye aliyenisomea barua yako, mikono yangu ilikuwa kwenye unga!

Ameshamkatia wifi kanzu, kwa makisio. Anasema wanawake wa nchi za baridi wana mabega mapana. Mwashi nimemwambia abomoe ukuta wa kati ili chumba kiwe cha watu wawili, na pembeni pabaki pa kitanda kidogo, Mola akijaalia. Mlango ni wa waridi, sikuulizi tena.

Unaona haya, najua. Marehemu baba naye alipotaka kumwoa mama alizungumza na babu habari za mbuzi kutwa nzima. Wewe umechagua upepo. Ni mamoja.

Ijumaa baada ya swala wanawake walinizunguka, kila mmoja na pongezi yake, nikapokea dua nyingi kuliko mikate ninayouza. Nimekaa miaka mingi nikipongeza wengine, mdogo wangu. Safari hii na mimi nimeshikwa mkono.

Basi nitajie jina lake tu. Nimechoka kumwombea kwa jina la "yule".

Dada yako, na sasa wifi ya mtu

.

Jumanne, 2 Julai

Dada yangu, shikamoo.

Hakuna wifi.

Maneno hayo mawili nilipaswa kuyaandika tangu Mei, nikashindwa. Hakuna mwanamke wa kusini. Kuna kusini kwenyewe. Nimechaguliwa kwenda kupima hewa mwaka mzima katika bara la barafu, kule chini kabisa dunia inakoishia. Jino, damu, moyo, yote ni masharti yao. Huko hakuna daktari wa meno, na baridi ikishaingia hakuna anayetolewa.

Meli inaondoka Novemba. Itatushusha, itarudi, kisha bahari itaganda, na kwa miezi mingi haiingii meli wala ndege. Sitakuficha tena kitu. Ukiugua, Mungu aepushe, sitaweza kuja. Hata ukifa sitaweza kuja. Mimi sina mwingine na wewe huna mwingine, na hilo ndilo lililonifanya nikuzungushe. Nilidhani nikikupitisha njia nzima ya upepo, hatua kwa hatua, tukifika utakuwa umeshapapenda. Badala yake nimekuacha upokee pongezi msikitini kwa jambo lisilokuwapo. Nisamehe.

Niseme nilichobakiza, kisha uhukumu. Huko jua liko chini, na mwanga mdogo linaoutoa barafu inaurudisha juu kama kioo. Hewa inapoa mpaka inakuwa nzito. Nchi yenyewe imeinuka katikati kama mkate ulioumuka, kwa hiyo hewa ile nzito inateleza kwenye mteremko wa barafu, pande zote, kuelekea baharini. Haisukumwi na kitu. Inaanguka kwa uzito wake tu, na ikifika pwani ina nguvu ya kumwangusha mtu mzima. Wafanyakazi wa huko hutoka mlango mmoja hadi mwingine wakishika kamba.

Dada, kila siku narusha puto kuipima hewa inayoondoka kwenye joto. Nimekuwa kama mtu anayemsindikiza msafiri mpaka kizingitini, miaka nenda miaka rudi, asijue kwake ni wapi. Kama dunia nzima ingekuwa na joto moja, pasingekuwa na upepo hata wa kutikisa unyoya. Tofauti ya huku na kule ndiyo inayouendesha. Huku napajua. Kule sijapaona, na wanaopima kule ni wachache mno kwa bara kubwa kiasi hicho.

Karatasi ya kutia saini iko mezani kwa mkuu wa kituo, itangoja hadi mwisho wa Septemba. Radhi uliyonipa ilikuwa ya arusi, siwezi kupanda nayo meli. Bila radhi yako sitii saini. Ukisema rudi, nitarudi, nitakaa chumba cha juu chenye mlango wa waridi, na sitanuna.

Pazia

.

Ijumaa, 9 Agosti

Dada, shikamoo.

Gari la posta limepanda mara kadhaa na halina kitu changu. Kwenye simu umenijibu "ndiyo Pazia, sawa Pazia" ukakata. Nimeonja dawa yangu, chungu kweli.

Mkuu wa kituo ameniuliza leo. Nimemwambia nangoja mtu.

Hata kama ni kunitukana, niandikie.

Pazia

.

Jumatano, 21 Agosti

Kwa Bwana Pazia,

Huyu ni mimi Fundi Cherehani, mwenye pini. Dada yako hajui kama nakuandikia, na akijua nitakula mkate wa jana mpaka nife.

Kwanza ondoa hofu, ni mzima. Pili rudisha hofu, amekasirika. Barua yako aliisoma mwenyewe akiwa amesimama. Aliponipa mimi niisome, alikwenda kukanda unga, akaukanda hivi kwamba siku ile mikate iliumuka kwa woga.

Ijumaa iliyofuata nilimwambia tusiende, tuswalie nyumbani, watu watasahau. Akasema, "Mimi nilipokea pongezi zao mchana kweupe, nitazirudisha mchana kweupe." Akawapitia mmoja mmoja. "Ndugu yangu haoi. Nilikosea mimi, nilisoma vibaya." Hakusema ulimficha. Alijitwisha mwenyewe. Mmoja, sitamtaja, ana kibanda karibu na kisima, akamcheka: "Kumbe wifi yako alikuwa upepo!" Dada yako akamtazama, akamwambia, "Afadhali upepo, hausengenyi." Nikapiga kigelegele pale pale, Mungu anisamehe.

Tangu hapo haongei habari zako. Mimi namwambia mwandikie, ananiambia shona. Lakini juzi nilimkuta chumba cha juu, amekaa sakafuni na barua zako zote magotini, akaniuliza bila kugeuka, "Hivi Fundi, mahali ambapo jua halichomozi, alfajiri inajulikanaje?" Nikamwambia mimi najua pindo na vifungo, hayo kamuulize mwalimu. Akainuka, akajitanda mtandio, akaenda msikitini. Hakurudi upesi. Aliporudi alikuwa anatembea kama mtu aliyeshinda kesi, lakini kesi gani hakuniambia.

Basi vumilia. Mtu aliyenyamaza hajakataa.

Kanzu ya wifi nimeifumua, nakushonea wewe fulana nzito ya ndani. Mabega nilikisia sawa kabisa.

Mimi Fundi

.

Jumatano, 4 Septemba

Pazia,

Marahaba zote ulizonidai tangu Julai, pokea kwa mkupuo.

Nilikukasirikia, na sikukasirika sababu unaondoka. Nilikasirika kwa kunipeleka polepole kama mgonjwa anayeshushwa ngazi. Mama alipofariki ulikuwa unafika hapa kiunoni kwangu, na mimi nilikuwa msichana asiyejua hata kuwasha tanuri. Nikaliwasha. Likaniunguza, nikaliwasha tena kesho yake. Kuna habari gani utaniletea nzito kuliko ile, mpaka unilishe kwa kijiko? Siku nyingine ukiwa na jambo, fungua mdomo. Hapo nimemaliza. Sirudii, nawe usiniombe tena msamaha, ulishaomba, nikaupokea siku ile ile. Nilikuwa nakuficha tu.

Umeandika kwamba hata nikifa hutaweza kuja. Nikifa majirani watanizika, hiyo kazi haijawahi kukosa watu mtaani kwetu. Na dua yako itanifikia, dua haingoji barafu iyeyuke. Lakini sina mpango wa kufa mwakani. Nina oda.

Lililonisumbua ni lingine kabisa, na wewe na meno yako yaliyozibwa hukuliwaza. Uliniandikia jua la huko liko chini. Nikajiuliza, chini kiasi gani? Nikaenda kwa mwalimu wa msikitini. Akaniambia, "Mama, huko ipo miezi halichomozi kabisa, na ipo miezi halizami." Nikamwambia basi ndugu yangu ataswali kwa jua gani? Akasema wanavyuoni walishalizungumza: aliye mahali kama hapo afuate saa za mahali palipo karibu naye penye usiku na mchana. Akafungua ramani kubwa, akavaa miwani. Kidole kinazunguka kule chini, kinazunguka, kinatafuta mji.

Nikamwambia, "Usijisumbue, mwalimu. Mahali palipo karibu naye ni hapa kwangu."

Akasema, "Mama, tazama ramani. Hapa ni mbali kuliko kote nilikopita na kidole."

Nikamuuliza, "Ana dada mwingine huko njiani?"

Akavua miwani, akacheka mpaka akafuta macho, akaikunja ramani. Akasema wapo pia wanavyuoni waliosema msafiri wa huko ashike saa za kwao alikotoka, basi nishike hilo na niende nalo nyumbani. Nimelishika. Tulisomeana na dua, nikatoka.

Sasa sikiliza. Fundi anahamia chumba cha juu na cherehani yake mpaka urudi, na ameshaanza kulalamikia ngazi kabla hajapanda. Wewe nenda kwa mkuu wa kituo uchukue hiyo karatasi utie saini. Radhi yangu unayo. Ile ya Mei niliitoa nikiwa nimefumba macho kwa furaha. Hii nimeitoa yakiwa wazi, nikijua ni barafu, ni giza, ni kamba ya kushika mlangoni. Nenda ukauone upepo unakoangukia.

Saa yako ya mkononi iache na saa za kwetu. Usiibadilishe kwa ajili ya meli, wala barafu, wala wakubwa wa huko. Ikikwambia ni alfajiri, inuka, hata kama dirishani ni giza lile lile la jana na la juzi. Usiseme nitaswali vipi peke yangu mwisho wa dunia. Tutakuwa wawili. Mimi nitakuwa nimeshasimama.

Dada yako